Gogo la Msiba Mlangoni kwa Lakay Karpo

Kwa idhini ya wanakijiji wa Nagsabaran, walio hai na walio makaburini, na kwa unyenyekevu unaolistahili jambo zito kama hili, inatangazwa rasmi kwamba Lakay Policarpio Bumanglag, bahili mkuu wa bonde letu, mlinzi wa ghala, kiboko ya wageni na adui wa bakuli la pili, amebadilika moyo. Mabadiliko hayo yalitokea mchana kweupe, mvua ikinyesha, mbele ya mashahidi wenye akili timamu na wachache wasiokuwa nazo, marehemu mwenyewe akiwa amehudhuria.

Ndiyo, marehemu. Msiwe na haraka.

Kwanza mkielewe cheo chake. Sisi Wailokano tunasifika visiwa vyote vya Ufilipino kwa mkono wa birika. Watu wa Manila wakimwona mtu anakausha jani la chai alitumie tena, humwuliza anatoka Ilocos upande gani. Sasa mfikirie mtu ambaye Wailokano wenyewe, kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, wanamwita bahili. Huyo si mchoyo tena. Huyo ni profesa.

Lakay ni kusema mzee, na Karpo tulimwita hivyo tangu hajaota mvi, maana hata ujana wake aliuweka akiba. Nyumba yake ilikuwa ya mianzi, juu ya nguzo, kama zetu zote. Tofauti ilikuwa ngazi. Akikuona unakuja, aliivuta juu, halafu akatokeza kichwa dirishani na kukuuliza kwa upole mkubwa habari za nyumbani. Alikuwa na nguruwe jike aliyeitwa Donya, aliyenenepeshwa kwa ajili ya sherehe inayomstahili. Zikapita arusi, ubatizo, sikukuu za mtakatifu wa kijiji, mazishi ya watu wa maana, na hata arusi ya binti yake mwenyewe, Rosalina. Hakuna iliyomstahili Donya. Arusini kwa Rosalina tulikula viazi vitamu, naye bibi arusi akahamia Mindanao na mumewe, asirudi hata kwa salamu. Donya akaanza kuota mvi masikioni.

Zipo hadithi kubwa, za vitabu vyenye majalada magumu, ambazo walimu hutusomesha ili tuwe watu wema. Humo bahili hulala vibaya, hutembelewa na mzimu, hutokwa jasho, na kabla uji haujapoa huwa ameshaamka mtakatifu, anagawa mapochopocho mitaani. Nimezisoma zote, au tuseme kurasa za mwisho. Kwa Lakay Karpo mzimu usingefika mbali. Angeuvutia ngazi.

Kilichofika ni mto.

Mwaka ule tufani lilifuatwa na tufani jingine kabla watu hawajamaliza kuanika mikeka. Mto, uliokuwa umelala mahali pake tangu enzi za babu zetu, uliamka na kugeuza ubavu upande wetu. Haukufurika. Ungefurika tungepanda juu ya mapaa kama kawaida. Ulianza kula ukingo. Unasikia kitu kama mtu mzima anayejitupa majini, ukitazama, shamba la tumbaku la jirani limekuwa dogo.

Nyumba ya Karpo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi. Ghala lake la mpunga halikuwa karibu, kwa sababu mwaka uliotangulia alilihamishia mwinukoni, peke yake, ubao kwa ubao, mgongoni, ili asimlishe mtu yeyote kwa kazi hiyo. Alipoulizwa kwa nini hakuanza na nyumba, alisema mpunga haujui kuogelea.

Na mkewe je? Manang Osing, yaani dada Eufrosina, mfumaji wa mablanketi tuliyofunikwa nayo wote utotoni, miguu ilikuwa imekufa. Alilala juu ya mkeka dirishani. Naye hakujua kuogelea, lakini hilo halikutajwa.

Asubuhi ya siku hiyo ukingo ulikuwa umefika kwenye banda la Donya. Karpo akamfungia nguruwe chini ya nyumba, akavaa kofia yake ya majani, akaenda kwa Ambrosio Tabios. Ambo ndiye anayeongoza mabega kijijini. Kwetu nyumba haivunjwi ili ihamishwe. Hupitishiwa miti ya mianzi chini yake, wanaume wakaingia, wakaiinua na paa lake, wakaenda nayo kama siafu na mzoga wa panzi. Malipo hakuna. Ukitaja malipo umetukana. Kuna kula tu: mwenye nyumba hupika, na watu hula mpaka waseme wenyewe kwamba wametosheka.

Ambo alikuwa dirishani anavuta tumbaku.

“Ambo, mdogo wangu,” akasema Karpo. “Mto.”

“Nauona, Manong,” akajibu Ambo, kwa heshima anayopewa kaka mkubwa.

“Nyumba.”

“Naiona pia. Ina dalili za kusafiri.”

“Nahitaji mabega.”

“Mabega!” Ambo akashika bega lake kama limepigwa pigo la ghafla. “Unakumbuka nyumba yangu ilipohama? Ulituma salamu kwamba una jipu begani. Tukakuombea upone. Nyumba ya Teopisto ilipohama, jipu likarudi. Ya mama mkwe wangu, likarudi tena, kubwa zaidi. Basi leo asubuhi nimeamka nalo mimi. Nadhani limehama kutoka kwako, Manong. Angalau kitu kimoja umenipa.”

Wanaume waliokuwa ndani wakacheka. Karpo hakucheka. Maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni.

“Nitawalisha,” akasema.

 Hata mvua ilionekana kusikiliza.

“Utatulisha nini?”

“Viazi vitamu.”

“Vya kuchemsha?”

Hapa ndipo mngeona mtu anapigana na nafsi yake.  Shingo ilitoa mishipa.

“Vibichi,” akasema. “Kila mtu atachemsha kwake.”

Ambo akafunga dirisha.

Karpo akarudi mbio. Sasa alikuwa amepata wazo la akili, tena la bure: nyumba iende na mto, mke abaki hai. Akapanda, akapiga magoti kando ya mkeka, akaingiza mikono chini ya mgongo wa mkewe.

“Twende, Osing. Nakupeleka kwa Simona.”

Manang Osing akashika nguzo ya nyumba. Mikono ya mfumaji hiyo. Ukitaka kuitoa, lete shoka.

“Siendi.”

“Mto uko mlangoni, mwanamke!”

“Nimeusikia tangu alfajiri. Mimi ndiye ninayelala chini, si wewe.”

“Basi twende!”

“Niingie nyumba ya nani, Karpo? Kwa uso gani? Simona alipokuwa na homa alikuja mwenyewe, anatetemeka, anaomba mchele wa kupikia uji. Ukavuta ngazi. Nilimwona kutoka hapa. Alisimama hapo chini anatazama juu, mimi natazama chini, na mimi sina miguu ya kushuka. Leo nikalale kwenye mkeka wake? Nifunikwe blanketi lake? Aninyweshe uji wake kwa kijiko?” Akageuza uso dirishani. “Heri mto. Mto haujawahi kuniomba kitu.”

“Twende kwa Ambo basi. Kwa katekista. Kwa yeyote!”

“Nitajie nyumba moja ambayo tumewahi kuipa hata tangawizi. Moja. Nitaingia hiyo.”

Karpo akafungua kinywa. Akakitafuta kijiji kizima kichwani, nyumba baada ya nyumba, mpaka mwisho wa barabara. Akakifunga.

Alijaribu nguvu. Alimvuta, akamvuta, akalia, akamvuta tena. Alipoona kucha za mkewe zinatoka damu kwenye nguzo, akamwachia. Nje ukingo ulitoa mlio mrefu, na banda la Donya likaondoka bila kuaga.

Wahenga wamesema mfa maji haachi kutapatapa. Karpo alitapatapa mpaka akashika kitu ambacho katika nchi yetu hakishikwi.

Kwetu mtu akifa, gogo moja la mti huwashwa mbele ya nyumba. Tunaliita atong. Linawaka mpaka amezikwa, halizimwi kabla. Moshi wake ndio tangazo. Anayeuona huja, hata kama mligombana jana kwa ajili ya mpaka wa shamba, tena haji mikono mitupu: mchele, kuni, kahawa, kuku wa mguu mmoja, chochote. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Hayo husemwa baadaye, wakati wa kula.

Karpo akaburuta gogo mpaka chini ya ukingo wa paa. Lilikuwa limelowa. Akalimwagia mafuta ya taa yote yaliyokuwemo chupani, bila kupima. Na hilo peke yake, laiti tungeliona, lingetutosha kujua kwamba huyu mtu amefika mwisho.

Moshi ukapanda.

Tukaja wote. Apo, yaani bibi, Simona mbele, kizee mdogo kama kinu, na mfuko wa mchele chini ya koti la mvua. Ambo na wanaume wake nyuma, kofia mikononi, jipu limesahauliwa. Katekista Teopisto na kitabu chake cha sala. Wanawake walikwisha kuanza kulia njiani, maana Osing alipendwa.

“Masikini Osing,” Simona akaita kutoka chini ya ngazi. “Masikini dada yangu, umetuacha na nani?”

Kichwa cha Manang Osing kikatokeza dirishani.

“Nani kafa?” akauliza.

Sitaeleza kelele iliyofuata. Mmoja wetu alikimbia mpaka kwenye shamba la mahindi, na mpaka leo anasema alikuwa anatafuta mbuzi.

Ilipotulia, macho yote yalikuwa kwa Karpo. Naye alikuwa amepiga magoti kwenye tope karibu na gogo lake, mikono imening’inia.

“Nisameheni,” akasema. “Hakuna aliyekufa. Nilitaka mje. Hataki kutoka ndani. Anasema anaona haya. Anasema atakwenda na nyumba. Ninyi inueni nyumba tu, jamani, inueni nyumba, kisha mniue.”

“Wazo zuri, tubadilishe tu mpangilio,” Ambo akasema, akavaa kofia. “Twendeni zetu. Huyu amegeuza hata kifo kuwa chambo.”

“Hakuna anayekwenda,” akasema Apo Simona.

Kizee hakuwa anamtazama Karpo. Alikuwa anatazama gogo.

“Limeshika moto,” akasema. “Mpumbavu wewe, unajua ulichofanya? Gogo likiwaka linadai mtu. Halizimwi mpaka kuna aliyezikwa. Umewasha kifo kwa kiberiti, umekiweka mlangoni kwa mwanamke asiyeweza kutembea. Nani kafa, Karpo? Sema! Maana kama hakuna, litachagua lenyewe, na unaona mwenyewe litaanza na nani.”

Kana kwamba mto ulikuwa unasubiri zamu yake ya kusema, kichaka cha mianzi upande wa pili wa nyumba kikainama taratibu, kikashika ardhi yake kama mtu anayeshika shuka, kikaenda nayo. Nyumba ikalia. 

Karpo alimtazama mkewe. Akalitazama gogo. Akatutazama sisi, mmoja mmoja, na kusema kweli hakupata uso wa kumsaidia.

“Mimi,” akasema.

“Wewe nini?”

“Mimi ndiye niliyekufa.”



“Umekufa na nini?” Ambo akauliza, maana hata hasira ina utaratibu wake.

“Na chochote mtakachotaka.”

Apo Simona akamsogelea, akamwinamia mpaka pua zikakaribiana. “Sikiliza vizuri. Mimi sichezi na gogo. Ukifa, umekufa. Maiti hasemi. Maiti hatoi amri. Maiti hana ghala. Mali ya maiti hulisha waombolezaji, wao ndio wanaopima, si yeye. Umeelewa?”

Karpo akatupa jicho chini ya nyumba. “Na nguruwe?”

“Nguruwe kwanza.”

Donya alikuwa chini ya nyumba, amelala, hana habari na siasa. Karpo alimtazama kwa muda ambao, kwa hali ya mto ule, ulikuwa mrefu mno. Kisha akatoa kamba shingoni mwake mwenyewe, yenye ufunguo wa ghala, akaiweka kwenye kiganja cha Simona. Akaenda akajilaza juu ya benchi la mianzi kando ya gogo, mvua ikimpiga usoni, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

“Mungu amlaze mahali pema,” akasema Ambo. “Alikuwa mtu wa jipu.”

Kazi ikaanza. Wanawake wakaenda ghalani, na kwa mara ya kwanza mlango ule ukafunguka kwa mkono usio wa Karpo. Ambo hakukubali kuinua hata mti wa mwanzi kabla hajamsikia nguruwe. “Bega la Nagsabaran halinyanyuki kwa ahadi za marehemu,” alisema. Donya alisikika, na mtaa wa pili walidhani mto umefika kanisani. Maiti akatikisika kidogo kwenye benchi.  Maiti hutikisika.

Tukafunga miti chini ya sakafu, mirefu kwa mifupi. Tukachimbua nguzo. Tukaingia chini, bega kwa bega, tope mpaka magotini, na Ambo akahesabu, nasi tukainua.

Nyumba haikusogea.

Tukainua tena. Macho yalitutoka. Mti mmoja ukapasuka. Nyumba ilikaa kama Serikali.

“Ameweka nini humu ndani?” Ambo akafoka. “Nyumba ya mianzi hii! Nimebeba kanisa dogo la mtaani, halikuwa na uzito huu! Karpo! Kuna nini?”

Maiti akafumbua macho. Akafumbua na kinywa.

“Maiti!” Simona akakemea.

Maiti akakifumba. Lakini niliuona uso wake, na sijui mpaka leo alitaka kutuambia au kutuficha. Nadhani naye hakujua. Chini ya miguu yetu mstari mwembamba ulikuwa umejichora kwenye ardhi, kutoka pembe hii mpaka pembe ile, nao ulikuwa unapanuka.

“Osing, shuka!” watu wakaita. “Shuka, dada, nyumba iende!”

“Siendi kwa mtu,” likatoka jibu, jembamba.

Ndipo Apo Simona akafanya jambo ambalo tungelisahau kwa hofu. Akapiga ukuta wa mianzi kwa kiganja. “Mjane!” akaita. “Mumeo kalala hapa bila kuliliwa. Maiti asiyeliliwa hajafa. Lia, Osing! Gogo linasikiliza!”

Kwetu kilio si machozi tu. Mjane humwimbia mumewe maisha yake yote, mema na mabaya, uso kwa uso, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho. Dung-aw, tunaiita. Manang Osing akajivuta mpaka dirishani, akamtazama mumewe chini kwenye benchi, akaanza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyengoja.

“Ay, Karpo wangu, mume wa ujana wangu, uliyenioa kwa jogoo wa kuazima. Ay, uliyemficha samaki ndani ya nyumba ili mimba yangu isijue. Mwanetu alizaliwa akinyonya vidole. Alipoolewa ulimnyima nguruwe, naye akatunyima wajukuu. Ay, Karpo, nina wajukuu, sijui majina yao. Nikiwaita ndotoni nasema wewe, na wewe, na wewe.”

Wanawake walikuwa wameacha kutwanga.

“Ay, ulinipenda, sisemi hukunipenda. Miguu ilipokufa ulinibeba kisimani kila jioni, hukunung’unika. Lakini ulinilaza juu ya mali yako kama kifuniko. Chini ya mkeka wangu, ay, kuna sakafu, na chini ya sakafu kuna sakafu ya pili, na katikati kuna mitungi ya pombe ya miwa ambayo sijawahi kuionja. Miaka nalala juu ya pombe, nanusa, nasema ni mvua. Ay, na ukutani nyuma ya kitanda cha Rosalina kuna majembe ya baba yako na ya baba yake, na vyuma vya mkokoteni uliokufa. Ay, na darini kuna mawe ya kusagia, matatu, nayo hayasagi kitu. Uzito wako wote, Karpo, umeuweka juu ya mgongo wangu, halafu unaniuliza kwa nini siinuki.”

Ambo alikuwa wa kwanza kuelewa. “Juu!” akasema. “Pandeni! Fumueni sakafu!”

Tukapanda. Mitungi ikatoka, mmoja baada ya mwingine, yenye vumbi na nta mdomoni, wanawake wakaipeleka ghalani. Majembe yakatoka. Vyuma vikatoka. Mawe ya kusagia tuliyatupa mtoni, na mto, naapa, ulirudi nyuma kidogo kwa mshangao. Juu ya benchi maji yalimtoka maiti machoni, lakini mvua ilikuwa kubwa, kwa hiyo sitoi ushahidi.

“Sasa!” Ambo akasema. “Kila mtu mahali pake!”

Mahali pote palijaa, isipokuwa pembe moja. Pembe ya mtoni. Ule mstari wa ardhini ulikuwa umegeuka ufa, na pembe ile ilikuwa upande wa ng’ambo ya ufa. Atakayesimama pale atasimama juu ya ardhi ambayo si ya kwetu tena, ni ya mto, bado haijachukuliwa tu.

“Mtu mmoja,” Ambo akasema. “Mmoja tu. Bila pembe hii haiendi.”

Tulitazama chini. Mimi nilitazama chini. Nina mama anayenitegemea, na wakati huo niliwaza sana habari zake. Teopisto alianza sala, ambayo ni njia nzuri ya kuwa na kazi nyingine.

Kitu kikapita kando yangu, kimelowa, kimejaa tope. Maiti. Alikuwa ameinuka bila kumwuliza mtu, akavuka ufa, akainama, akaweka bega chini ya pembe.

“Karpo!” Osing akaita kutoka dirishani, kilio kimemkatika. “Karpo, wewe umekufa! Lala!”

Hakujibu. Mwenyewe alikuwa amekubali, maiti hasemi.

“Simona!” Ambo akaita, amechanganyikiwa. “Inaruhusiwa?”

“Inueni, wajinga ninyi!” Simona akapiga yowe. “Inueni!”

Tukainua. Nyumba ikalia viungo vyote, ikajing’oa, ikapanda hewani na Manang Osing ndani yake, ameshika nguzo, anapiga kelele jina moja tu. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Nilisikia nyuma yangu ardhi ikiondoka, sauti laini, kama mtu anayekunja mkeka. Pembe ya mtoni ikazama. Nyumba nzima ikainama upande huo, na miti ikatukata mabega.

“Ameanguka!”

“Hajaanguka! Miguu! Mshikeni!”

Karpo alikuwa ananing’inia. Ardhi imemwacha, maji yako chini yake, naye bado ana bega chini ya mwanzi, mikono imekumbatia mti kama alivyozoea kukumbatia kila kitu chake, hataki kuachia. Kwa mara ya kwanza duniani tabia ile ilikuwa na faida kwa mtu mwingine. Ambo na wenzake wa mbele wakavuta kwa nguvu za woga, nyumba ikaja, na Karpo akaja nayo, akiburuzwa, mpaka magoti yake yakagusa udongo mgumu. Akasimama. Akaendelea kubeba.

Ngazi, jiko na uwanja wote vilikwenda na mto. Gogo la msiba lilinusurika kwa sababu Apo Simona, katika umri ule, alikuwa amelikokota na moto wake mpaka mwinukoni, akilitukana.

Tuliiweka nyumba kando ya ghala. Imepinda kidogo mpaka leo.

Sasa, gogo lilikuwa bado linadai. Mtu aliyekufa alikuwa amekaa kwenye tope, bega limechunika mpaka nyama inaonekana, na hakuna aliyethubutu kupendekeza tumzike. Wazee walijadiliana. Mwishowe Simona akakata shauri kwamba kilichokufa ni kile kilichokuwa kinaishi naye. Tukachimba shimo dogo. Tukazika kufuli la ghala, pamoja na ufunguo wake, na jogoo akachinjwa juu yake kama desturi inavyotaka. Katekista Teopisto alikataa katakata kumwombea kufuli, akasema ni kufuru. Baada ya bakuli la tatu la pombe ya miwa aliliombea vizuri sana, kwa Kilatini. Moto ukazimwa. Wapo wanaosema kufuli lilifukuliwa kabla ya mavuno. Mimi sikuchungulia.

Tulikula. Mungu wangu, tulikula. Donya alikuwa mgumu kama wosia, lakini alikuwepo, na hilo ndilo la maana. Ndani ya nyumba iliyopinda Apo Simona alikuwa anamlisha Osing kwa kijiko, na Osing, nilisikia mwenyewe, alikuwa anasema, “Ongeza, dada. Ongeza, ni mchele wetu. Na wewe kula.” Kisha akawa analia, si kile kilio cha kuimba, kingine.

Teopisto akapanda juu ya mtungi mtupu. Akanyoosha mikono. Akatuambia kwamba tumeona kwa macho yetu yale yanayoandikwa katika vitabu vikubwa vya dunia: moyo wa jiwe umepasuka, mtu wa kale amezikwa, mtu mpya amefufuka, na malaika wa Ilocos yote wanapiga zeze. Wanawake walifuta machozi. Ambo alivua kofia.

“Lakay Policarpio!” katekista akanguruma. “Wewe uliyekufa na kurudi! Kijiji kinangoja neno lako. Tuambie, ndani ya moyo huo mpya, unasikia nini?”

Tukageuka wote, mifupa mikononi. Karpo alikuwa ameegemea nguzo ya nyumba yake, macho kwenye sufuria iliyokwisha kukwanguliwa.

“Nasikia njaa,” akasema. “Maiti hamkumbakizia.”